VANILA: UREFU SI KUKOMAA

Leo katika mazungumzo yetu tutatoka shambani kidogo, tuingie jikoni. Tazama pale kabatini mnapoweka iliki, mdalasini na karafuu. Huenda pana kichupa kidogo cha arki ya vanila, kile ambacho matone yake mawili matatu hutiwa kwenye keki au kwenye maziwa ya mtoto ili yanukie vizuri. Sasa nakuuliza: je, ndani ya kichupa hicho mna vanila ya shambani kweli?

Mara nyingi hamna. Harufu ile imetengenezwa kiwandani. Mwaka 1874 huko Ujerumani, wataalamu wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walifaulu kutengeneza vanilini, yaani kile kitu hasa kinachonukia ndani ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Siku hizi sehemu kubwa ya vanilini ya viwandani hutokana na mafuta ya petroli. Ni rahisi, na haingoji mvua wala jua.

Utasema, "Basi Bwana Shamba, kama kiwanda kinaweza, sisi wa Kagera tunahangaika na marando ya vanila kwa nini?" Swali zuri. Jibu ni kwamba vanila ya shambani ina vitu vya harufu na ladha zaidi ya 200, na vanilini ni kimoja tu kati ya hivyo. Mpishi hodari anaionja tofauti hiyo, na mtengenezaji wa aiskrimu nzuri anakubali kuilipia. Lakini sikiliza hapa: analipia harufu. Ukimpelekea ganda lisilo na harufu, atakuaga na kurudi kwenye kichupa chake cha bei rahisi. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze jambo moja tu, nalo ni kuchuma vanila iliyokomaa na kuitengeneza kwa subira.

Tuanze na asili yake. Vanila ni mmea utambaao, wa jamii ya maua yaitwayo okidi. Kwao ni Meksiko na nchi za jirani. Watu wa kabila la Totonac, katika nchi ya Veracruz kando ya Ghuba ya Meksiko, ndio wanaojulikana zaidi kwa kilimo chake cha zamani. Waazteki waliitia katika kinywaji chao cha kakao, na jina waliloipa lilikuwa na maana ya ua jeusi, kwa ajili ya rangi ya ganda lililokauka. Wahispania walipoiteka nchi ile katika karne ya 16, wakaipeleka Ulaya.

Hapo pakatokea taabu. Mmea ulipopelekwa nchi nyingine ulistawi, ukatoa maua, lakini haukuzaa. Sababu ni nini? Ndani ya ua la vanila pana utando mdogo kama ulimi, unaotenga sehemu ya kiume na ya kike. Huko kwao wapo nyuki wa kuifanya kazi hiyo ya kuchavusha. Kwingineko hawapo. Mwaka 1836 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren, aliweza kulichavusha ua kwa mkono, lakini njia yake haikuenea mashambani.

Aliyetufungulia mlango alikuwa mtoto. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion kilichotawaliwa na Ufaransa, mtumwa wa umri wa miaka 12, jina lake Edmond, alichukua kijiti chembamba, akauinua ule utando, kisha kwa kidole gumba akaisukuma chavua ikagusana na sehemu ya kike. Tendo la sekunde chache tu. Akazungushwa mashamba mbalimbali awafundishe wengine. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani humo mwaka 1848 akapewa jina la ukoo, Albius. Alikufa mwaka 1880, naye ni maskini, ilhali wenye mashamba walikuwa wametajirika kwa kidole chake. Njia yake ikavuka bahari hadi Bukini, yaani Madagaska, ambayo leo inaongoza duniani kwa kuuza vanila. Na wewe, ndugu yangu wa Kagera, au jirani yetu wa Mukono kule Uganda, kila asubuhi ya msimu wa maua mnafanya kile kile alichofanya mtoto yule.

Haya basi, tuje shambani. Unajua kwamba ua la vanila hufunguka siku moja tu. Ulichavushe asubuhi, kabla jua halijawa kali. Likipita siku hiyo, limepotea. Unajua pia kwamba si vema kuchavusha maua yote ya kitawi. Manane hadi kumi yanatosha, mengine uyaache yaanguke, ili mmea usichoke na maganda yasiwe membamba kama njiti za kiberiti.

Lakini jambo linalowadanganya wengi ni hili. Baada ya kuchavushwa, ganda hukua upesi sana. Katika majuma sita hadi manane tu linafikia karibu urefu wake wote. Mtu akilitazama anasema, "Ah, hili limekwisha kuwa tayari." Hapana! Halijawa tayari hata kidogo. Limemaliza kurefuka, basi. Kazi ya kujijaza ndani ndiyo kwanza inaanza, nayo inachukua miezi saba zaidi. Kwa jumla hesabu miezi tisa tangu siku ya kuchavusha. Ganda la vanila ni kama debe: kuwa na debe refu si kuwa na debe lililojaa.

Na linajazwa nini? Ukilinusa ganda bichi mtini, hata lililokomaa, hulisikii likinukia. Ile vanilini imo, lakini imefungwa pamoja na sukari, haiwezi kutoka. Kadiri ganda linavyokomaa ndivyo akiba hiyo inavyoongezeka. Baadaye, wakati wa kutengeneza, vimeng'enya vilivyomo ndani ya ganda huvunja kifungo hicho, na harufu ikatoka. Sasa je, ukichuma ganda la miezi mitano, vimeng'enya vitafungua nini? Hata uwe fundi namna gani, huwezi kutoa ghalani kitu ambacho hakikuwekwa.

Dalili ya kukomaa ni ncha ya ganda kuanza kugeuka rangi ya manjano. Ukichelewa sana ganda litapasuka na bei itashuka, kwa hiyo pita shambani kila baada ya siku mbili tatu, uchume yale tu yaliyofikia. Usivute kitawi kizima. Na uwe na daftari. Andika tarehe ya kuchavusha kila sehemu ya shamba, kwani macho husahau, daftari halisahau.

Najua unalotaka kusema. "Bwana Shamba, nikingoja miezi tisa, mwizi hangoji." Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Wizi wa vanila ndio unaowafanya wakulima wengi wachume mapema. Mmoja akichuma mbichi kwa kuogopa mwizi, jirani naye anaogopa kubaki peke yake, anachuma. Katika juma moja kijiji kizima kimeuza majani. Mnunuzi anayejua kazi anavunja bei, na msimu ujao haji tena. Tena angalia: mwizi anapata soko kwa sababu tu wapo wanunuzi wanaopokea maganda mabichi mapema. Siku soko hilo likifungwa, mwizi atayapeleka wapi?

Dawa yake si ya mtu mmoja. Kwanza, kijiji au chama cha wakulima kipange tarehe moja ya kuanza kuchuma, na kabla ya siku hiyo asionekane mtu yeyote akiuza vanila mbichi. Serikali ya Madagaska hutangaza tarehe za namna hiyo, na Uganda nayo imefuata njia hiyo katika miaka ya karibuni. Pili, wekeni zamu ya ulinzi hasa miezi miwili ya mwisho. Tatu, tieni alama. Huko Madagaska mkulima hupachika pini kwenye kizibo kwa umbo la herufi au namba zake, akachoma ganda lingali changa. Kovu linabaki hata baada ya kukauka. Mnunuzi akiona alama ya fulani mikononi mwa mwingine, anauliza.

Sasa tuseme umechuma vizuri. Kutengeneza ni hatua tano.

Hatua ya kwanza ni maji ya moto. Chagua maganda ya urefu unaolingana, yatie katika kikapu, uyatumbukize katika maji yenye joto la nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika tatu. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole. Joto hilo linazuia ganda lisiendelee kukua na kupasuka, na linavifungulia njia vimeng'enya. Lakini maji yakichemka, yanaviua vimeng'enya vyenyewe, na hapo umepika mboga.

Hatua ya pili ni kuyatoa jasho. Yachuje upesi, uyafunge yangali moto katika blanketi nzito, uyaweke katika sanduku la mbao lililofunikwa, siku moja hadi mbili. Yakitoka yatakuwa na rangi ya kahawia kama chokoleti.

Hatua ya tatu ni jua. Kila siku yatandaze juu ya blanketi kwenye chanja, saa moja au mbili za jua kali, kisha uyakunje yangali na joto na kuyarudisha sandukuni yalale humo. Fanya hivyo kwa juma moja hadi mawili, mpaka yawe laini na kuanza kunukia. Usiyaache juani kutwa, yatakauka kama kuni.

Hatua ya nne ni kivuli. Yapange kwenye chanja ndani ya chumba chenye hewa, uyageuze mara kwa mara, mwezi mmoja hadi mitatu. Ganda zuri hujikunja kwenye kidole bila kuvunjika, linang'aa kidogo kama lililopakwa mafuta.

Hatua ya tano ni kuyapumzisha. Yafunge mafungu, uyaweke katika sanduku lililotandikwa karatasi ya nta, kwa miezi mitatu hivi. Kila juma yakague. Ukiona ukungu hata kwenye ganda moja, liondoe mara moja, maana ukungu huenea kama uvumi.

Kazi ni ndefu, sikufichi. Na katika kilo tano au sita za maganda mabichi yaliyokomaa utapata kilo moja tu ya makavu. Yakiwa machanga, hata hiyo kilo moja huifikii, kwa sababu ndani mna maji tu. Mkulima mwenye kilo chache si lazima atengeneze peke yake. Afadhali kumi mkutane, mnunue kipimajoto kimoja, masanduku na mablanketi, mchague wawili watatu wenye mkono wa uangalifu wapewe kazi hiyo.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Bei ya vanila hupanda kama mwenge na kuzimika vivyo hivyo. Mwaka 2000 tufani iitwayo Hudah iliharibu mashamba ya Madagaska. Bei ikapanda, na ilipofika miaka ya 2003 na 2004 kilo moja ya vanila kavu ilipita dola 400. Watu wakakimbilia kupanda. Miaka michache baadaye ilikuwa chini ya dola 50. Kisha mwaka 2017 ikaja tufani Enawo, bei ikaruka tena. Kwa hiyo using'oe mgomba wako wala kahawa yako kwa ajili ya vanila. Ipande pamoja navyo, chini ya kivuli, ikitambaa juu ya mbono. Bei ikianguka, ndizi ipo. Na bei inapoanguka, wa kwanza kukataliwa ni yule mwenye maganda machanga. Mwenye maganda yanayonukia hukosa bei nzuri, lakini hakosi mnunuzi.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika vanila maneno hayo ni hesabu kamili: miezi tisa mtini, na miezi mingine mitano au sita ndani ya blanketi na sanduku. Basi chukua daftari, andika tarehe ya maua ya leo, uhesabu mwenyewe. Kabla ya mazungumzo yajayo, kaa na majirani zako watano mkubaliane siku ya kuchuma. Mkiwa na shida, mwiteni bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu awaonyeshe kazi ya maji ya moto kwa vitendo.

Kwa leo ni hayo. Kazi njema, ndugu mkulima.