Bafu la Mzee Mji Mkongwe

Leo tunaingia bafuni kwa wazee wetu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi kali. Ikiwa bafu liko juu na chini kuna chumba, mhamishieni mzee chini pamoja na bafu lake.

Ondoeni kizingiti, sakafu iteremke kidogo kuelekea tundu la maji. Vigae viwe vya kukwaruza, si vya kung'aa. Mafuta ya nazi na povu la sabuni vikikutana hapo, hata kijana huteleza.

Jambo kubwa ni chuma cha kushikia. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Skurubu iliyoshika lipu tu itang'oka siku mzee atakapoegemea kwa uzito wote. Fundi afike kwenye jiwe lenyewe, au asimamishe nguzo ya chuma iliyofungwa sakafuni. Kisha aning'inie hapo yeye kwanza.

Na udhu, jamani! Mzee anayeinua mguu mpaka kwenye sinki mara tano kwa siku yumo hatarini. Mwekeeni bomba la chini na kiti kisichoteleza, atawadhe amekaa. Mlango nao ufunguke kwa nje: akianguka ndani, mwili wake usiwazuie kuingia kumsaidia.