Msimkimbie Jirani
(Hotuba ya mjumbe wa kamati, Siku ya Ukoma Duniani)



Siku ya Ukoma Duniani ilianzishwa mwaka 1954, nayo huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Januari. Nimepewa nafasi ya kusema na watoto, lakini wazazi nanyi msikilize, maana mtoto huyarudia maneno aliyoyasikia jikoni.

Katika bloki yetu yupo bibi anayeishi peke yake. Sitamtaja jina. Vidole vyake vimekatika, miguu ina vidonda, na maneno yake ni makali. Watoto walimwita mchawi, wakamrushia mawe na kukimbia. Lakini mtu anayerushiwa mawe kila siku atawasalimu kwa sauti gani?

Mwaka jana bibi huyo alimwona bombani mtoto mmoja aliyevua shati, mgongoni ana baka jeupe. Akamwita, mtoto akakimbia. Bibi akajikongoja hadi kwa mama yake, akafoka kama kawaida: "Mpeleke zahanati leo, si kesho! Mimi nilifichwa ndani, ndiyo maana niko hivi." Mtoto akapimwa, akakutwa na ukoma, akaanza dawa mapema. Leo amepona na vidole vyote kumi anavyo. Yeye ndiye anayemtekea bibi maji. Bibi bado hufoka kwamba dumu halikujaa. Mtoto hucheka, akarudi bombani.

Wanangu, ukoma si uchawi wala laana. Huletwa na vijidudu, vilivyogunduliwa na Daktari Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Hauambukizwi kwa kupeana mkono. Vidole havidondoki vyenyewe: mishipa ya fahamu hufa ganzi, mtu akashika sufuria ya moto asisikie, kidonda kikaingia. Dawa zake hutolewa bure tangu mwaka 1995. Mgonjwa huzimeza miezi 6 au 12 akapona, na mara baada ya kuanza haambukizi tena. Kinachochelewesha dawa ni aibu, na aibu hiyo huletwa na midomo yetu.

Sisi tuliokimbia vita tunajua uchungu wa kuitwa majina. Wapo waliotuona tukivuka mpaka wakaona mzigo, wasione watu. Tusimtendee mwenzetu yale yaliyotuumiza.

Basi nawaomba. Watoto, mkiona mwilini baka lisilosikia mguso, msilifiche, semeni nyumbani. Wazazi, msiwatishe watoto kwa jina la mgonjwa. Ndugu wa mashirika, siku ya mgawo asiyeweza kusimama kwenye foleni asisahauliwe. Na jirani akiwa mkali, mpelekeeni maji hivyo hivyo. Huruma haimsubiri mtu awe mpole kwanza.