Siku Huingia Magharibi: Uyahudi Kwenye Uwanja wa Ndege wa Moi



Asubuhi moja, jua ndio kwanza lachomoza, nilikuwa nikingoja ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Abiria mmoja alikunja mkono wa shati la kushoto, akajizungushia ukanda mweusi wa ngozi mpaka vidoleni. Kijisanduku cheusi kilimkaa juu ya paji la uso. Mama aliyekuwa akipiga deki aliniinamia: “Baba, yule yuwajipima presha?”

Zile ni tefilini. Ndani ya visanduku mna aya za Torati zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na Myahudi mshika dini huzivaa asubuhi za siku za kazi, Sabato akaziweka kando. Mama yule tusimcheke. Januari 2010 ndege iliyotoka New York kwenda Louisville ilipelekwa Philadelphia kwa sababu tefilini za kijana mmoja zilidhaniwa bomu.

Mimi nasema sisi wa Pwani tuna haki ndogo kuliko wengine ya kuuona Uyahudi kama kitu cha ajabu. Kwa hesabu ya wazee wetu, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Siku huingia jua likitua. Myahudi naye huhesabu hivyo hivyo. Sisi tumeanza kuhesabu baada ya Ijumaa, tukapata Jumamosi. Wao wameanza baada ya Sabato, kwa hiyo Jumapili yetu ndiyo mosi yao. Na Alhamisi wao huiita yom hamishi, siku ya tano. Sikilizeni neno hilo: hamishi, hamisi. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na udugu huo tunautamka kila wiki bila kuujua.

Alhamisi ninayoikusudia ni ile ya tarehe 28 Novemba 2002. Ndege ya Arkia, Boeing 757 yenye watu 271, iliruka kutoka uwanja huo wa Moi kwenda Tel Aviv. Makombora mawili yaliyorushwa kutoka karibu na uwanja yakaikosa. Asubuhi hiyo hiyo Hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na washambuliaji. Baadhi ya Wakenya hao walikuwa wachezaji wa ngoma waliokuja kuwalaki wageni. Kila nikisoma makala za ng’ambo kuhusu siku ile, hutajwa ndege kwanza, na wachezaji wetu mwishoni, kama wanatajwa kabisa.

Rubani wa Arkia aliamua kuendelea na safari badala ya kutua Nairobi. Walipokaribia Israeli, ndege za kivita ziliwasindikiza mpaka chini. Kwa mtu aliyeponea hatari kama ile Uyahudi una dua yake, hagomeli, isomwayo mbele ya watu wazima 10. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inawataja wanne wanaopaswa kushukuru: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, mgonjwa aliyepona na mfungwa aliyefunguliwa. Ndege haimo, bila shaka, ila siku hizi wengi huisoma hata baada ya safari ya anga iliyokwenda salama. Bandari na uwanja wa ndege vimewekwa kundi moja. Mzee yeyote wa Likoni aliyewahi kuwa baharia ataliona jambo hilo sawa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, ilikuwa yaingia pamoja na Sabato. Jioni kama hiyo mshumaa wa Hanuka hutangulia, kisha mishumaa ya Sabato, maana Sabato ikishaingia moto hauwashwi tena. Jua lilitua Tel Aviv. Robo tatu ya saa baadaye hivi likatua kwetu Changamwe, na kwa kuwa lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, watu walikuwa wamekaa mbele ya tende na uji, wakingoja adhana.