Bima na upasuaji wa kupunguza uzito: Nani anastahili, na nani aamue?

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali juu ya masharti ya bima ya afya.)



Nimeombwa nizungumze juu ya bima ya afya. Jambo hilo ni pana, nami nimeona afadhali nishike tawi moja tu, ambalo likielezwa vizuri laweza kutusaidia kuuona mti mzima. Tawi hilo ni upasuaji wa kupunguza uzito. Swali lenyewe ni hili: mgonjwa atimize nini ndipo bima yake imlipie upasuaji huo? Nitatoa mfano wa Marekani, kwa sababu huko swali hilo limebishaniwa kwa miaka mingi, na masharti yake yameandikwa, yamejaribiwa, na mengine yamefutwa.

Huenda baadhi yetu wakauliza habari za Marekani zatuhusu nini. Zatuhusu. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001 ulianza na sisi watumishi wa Serikali. Tulikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza huduma ya kuweka puto tumboni kwa watu wanaohitaji kupunguza uzito. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tiba mpya zinakuja, na wachangiaji wanaongezeka. Anayechangia mfuko bila kujua masharti yake yanatungwaje ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

UGONJWA AU ULAFI?

Kabla ya masharti kuna swali la msingi. Bima ya afya hulipia ugonjwa. Je, unene wa kupindukia ni ugonjwa? Kwa muda mrefu maagizo ya Medicare, ambayo ni bima ya Serikali ya Marekani kwa wazee na baadhi ya walemavu, yalitamka kwamba unene si ugonjwa. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2004. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari cha Marekani nacho kikautambua unene kuwa ni ugonjwa. Mtu aweza kudhani kuwa hayo ni mabishano ya maneno tu. Sivyo. Maadamu mgonjwa alihesabiwa kuwa mlafi au mvivu, mlango wa bima ulikuwa umefungwa kabla hajaubisha.

Yafaa pia ieleweke kuwa upasuaji huu si urembo. Katika aina moja, daktari huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi. Katika aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kipite njia ya mkato. Mgonjwa hulazimika kutumia vitamini na kuchunguzwa maisha yake yote. Faida yake imepimwa. Huko Sweden wagonjwa 2,010 waliopasuliwa walilinganishwa na wengine 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida, wakafuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 11. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa katika kundi la kwanza walifariki 101, na katika kundi la pili 129. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya kustahili au kutostahili, tunazungumza juu ya uhai wa watu.

MASHARTI YENYEWE

Mwaka 1991 wataalamu walioitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipendekeza kipimo. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Anayepata 40 au zaidi aweza kufikiriwa kwa upasuaji. Anayepata kati ya 35 na 40 afikiriwe iwapo ana ugonjwa mzito unaotokana na unene, kama vile kisukari. Medicare nayo, mwaka 2006, iliweka masharti matatu: kipimo cha 35 au zaidi, angalau ugonjwa mmoja unaohusiana na unene, na ushahidi kwamba mgonjwa alikwisha jaribu tiba nyingine bila kufaulu.

Tuchukue mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na ugonjwa wa kisukari. Akiwa na kilo 96 amevuka 35. Akiwa na kilo 94 hakufika. Kilo mbili tu zinamtenga na matibabu, ingawa kisukari chake ni kile kile. Asili ya hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akichunguza watu kwa makundi. Hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilipendekeza kwamba 35 itoshe hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari aanze kufikiriwa kuanzia 30. Uingereza nayo inashauri mpaka upunguzwe kwa 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia, kwa kuwa magonjwa haya huwapata mapema zaidi. Lakini pendekezo la madaktari haliwi sharti la bima siku hiyo hiyo, na pengo hilo ndilo linalowaumiza wagonjwa.

Makampuni mengi ya bima huongeza masharti yao: barua ya daktari, uchunguzi wa mtaalamu wa nafsi, na miezi mitatu au sita mfululizo ya kula chakula cha mpango chini ya usimamizi. Hapa sina budi kutofautisha. Uchunguzi unaomwandaa mgonjwa kwa maisha mapya ni wa haki. Kuhusu hiyo miezi sita, chama cha madaktari wa upasuaji huo nchini Marekani kilieleza mwaka 2016 kwamba hakuna ushahidi wa kitaalamu unaoiunga mkono. Kuchelewesha huko huwafanya wengine wakate tamaa. Sharti la namna hiyo huokoa fedha kwa kumchosha mgonjwa.

Sisemi kwamba mfuko ulipe kila kinachoombwa. Mfuko ni mali ya wote, na usiolindwa hufilisika, akaumia hata mwenye malaria. Ninachosema ni kwamba ulindwe kwa sababu za kitabibu zinazoweza kuelezwa hadharani.

RUFANI

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilimpa mwanachama aliyekataliwa haki ya kukata rufani ndani ya siku 180 kwa bima yenyewe. Akishindwa huko, na ikiwa ubishi ni wa kitabibu, aweza kupeleka shauri kwa mchunguzi asiye wa kampuni, ambaye uamuzi wake huifunga kampuni. Hiyo ni kinga kubwa. Hata hivyo ina mpaka. Iwapo mkataba umetamka wazi kwamba upasuaji huu haumo, kama ilivyo katika mipango ya waajiri wengi, rufani hiyo haisaidii, hata kipimo cha mgonjwa kikiwa 50. Kwa hiyo mgonjwa wa huko hushauriwa auone kwanza mkataba wake, ndipo ahangaike na mizani.

Ndugu walimu na watumishi, naona tuna mambo matatu ya kujifunza. La kwanza, kila sharti la bima liandikwe kwa lugha ambayo mwanachama anaielewa, pamoja na sababu yake. La pili, masharti yapitiwe upya kila elimu ya tiba inaposogea. La tatu, anayekataliwa apewe jibu la maandishi, na rufani yake isikilizwe na mtu mwingine, wala si yule yule aliyemkataa.

Wengi wetu hapa ndio tunaoandika kanuni, tunaopokea fomu na kupiga mihuri. Wengine ndio wanaowafundisha vijana kusoma. Basi tuisome mikataba yetu tungali wazima, na tuulize tusipoelewa. Na mwenzetu mnene anapokuja dirishani na fomu yake, tumpokee kama mgonjwa mwingine yeyote, tuipime fomu hiyo kwa kanuni, wala tusimpime yeye kwa macho.