Kuku Waliokufa Usiku

Somo letu la asubuhi hii ni Luka mlango wa 13, aya ya 1 hadi ya 5. Hapo Bwana Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Sisi tumelisoma somo hilo mara nyingi, hata kulihubiri. Hatukufikiri kwamba siku moja litatufuata mpaka kwenye kibanda cha kuku.

Ilikuwa majuma mawili kabla ya Krismasi. Tulikuwa na kuku 27 wa kienyeji, na kwetu magharibi ya Kenya mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa. Asubuhi ya Alhamisi tukafungua kibanda, tukakuta mitetea mitatu imekufa. Jioni walikufa wengine watano. Waliobaki walijikunyata, mabawa yameanguka, wakiharisha kijani na kuhema kwa shida. Mmoja alipinda shingo hata akawa anatazama nyuma. Kufikia Jumatatu tulibaki na kuku wanne.

Sasa sikilizeni tulivyofanya. Hatukwenda kwa bwana mifugo. Tulianza kukumbuka ni nani aliyepita uwanjani. Tukamkumbuka mama mmoja mjane, jirani yetu, mshirika wa kanisa letu, aliyekuja Jumatano kuazima ungo. Alisimama karibu na kibanda akasema, “Kuku wenu wamenona kweli.” Basi, neno hilo likawa ushahidi wote tuliouhitaji.

Hatukumshtaki kwa mtu. Sisi ni watu wa kanisa, hatusemi habari za jicho baya mbele ya watu. Tuliacha tu kumsalimu. Watoto wetu wakaona, nao wakaacha kuteka maji pamoja na wajukuu wake. Jumapili ile aliketi peke yake kwenye benchi lake, na wengine walikuwa hawajui hata sababu, walituiga tu.

Bwana mifugo alikuja kwa shughuli ya ng'ombe. Alipoona manyoya yametapakaa, hakuuliza habari za jirani. Aliuliza, “Mmeleta kuku mgeni hapa siku za karibuni?”

Tulinyamaza. Siku tano kabla ya vifo vile tulikuwa tumenunua jogoo sokoni, wa kumchinjia mhubiri mgeni. Tulimtia kibandani pamoja na wengine usiku uleule.

Akatueleza kwamba dalili zile ni za kideri, ambao Wazungu huuita Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka wa 1926. Kuku aweza kuubeba siku kadhaa akionekana mzima. Husambaa kwa pumzi, kwa mavi, hata kwa viatu na matenga. Hauna dawa, una chanjo tu. Kuku mgeni, alisema, atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Kisha akauliza, “Mizoga mliipeleka wapi?”

Hapo ndipo tulipoumia. Tuliitupa kichakani, wala hatukuichoma wala kuifukia. Mbwa wetu waliikokota usiku. Na yule mama mjane alikuwa na mitetea sita, ambayo mayai yake ndiyo yaliyomnunulia chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya wajukuu. Wote sita walikuwa wamekufa juma lile. Hatukujua, kwa maana hatukuwa tukisalimiana.

Tulikwenda kwake jioni, tukiwa tumetayarisha maneno mengi. Alituwekea viti. Tulipokwisha kusema alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Kuku hununuliwa. Lakini mliniacha nipite njiani kama mtu asiyeonekana, na ninyi mnanijua tangu mlipooana.” Hakusema kwamba ametusamehe. Wala hatukumwomba aseme. Tulimwachia mitetea miwili kati ya ile minne iliyopona, lakini alikataa kuipokea siku ile.

Mwezi wa pili bwana mifugo alitupa shauri kuhusu chanjo. Chupa moja hutosha kuku mia au zaidi, na ikisha kuchanganywa haifai kuwekwa mpaka kesho; tena kabla ya hapo lazima ikae kwenye baridi. Mtu mwenye kuku watano hawezi kuinunua peke yake bila hasara. Kuku wazima tu ndio hutiwa, tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo ilitubidi tuzunguke nyumba kwa nyumba tukikusanya majirani, tukaanza na nyumba yake.

Alikubali watu wakutane kwake, kwa kuwa uwanja wake una kivuli cha mwembe. Yeye mwenyewe aliwashika kuku, nasi tukatia matone, mmoja baada ya mwingine, tangu alfajiri kabla hawajafunguliwa. Saa tatu akatuletea chai. Siku hiyo ndiyo aliyoichukua ile mitetea miwili.

Tuombe. Ee Bwana, wawajua kwa majina wale ambao hatukuwasalimu juma hili. Tupe miguu ya kwenda kwao kabla ya Jumapili. Kwa jina la Yesu, Amina.