Springi za Gari la Kale: Yampasayo Mwenye Gari Kabla ya Kuzibadilisha au Kulishusha Gari



Mwenye gari la kale hulipenda kwa sababu zisizoonekana katika bei yake. Hata hivyo, gari hilo likiingia barabarani hubeba watu kama magari mengine, na uzito wao huegemea springi. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi moja tu ya gereji: kubadilisha springi za koili, au kuzifupisha ili gari likae chini zaidi. Ombi langu kwenu ni hili: msikubali springi ikatwe, wala ichomwe moto.

Tuchukue mfano wa Peugeot 504, gari linalofahamika sana hapa Kenya. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na tena mwaka 1978, katika vumbi, matope na mashimo. Miongoni mwa sifa zake ni springi laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Baada ya miaka mingi, springi za namna hiyo huchoka au huliwa na kutu. Ili kujua hali yake, liegeshe gari mahali tambarare, kisha upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Linganisha kulia na kushoto, na uviandike vipimo hivyo. Gari likitoka gereji, pima tena.

Sasa tuseme juu ya kukata. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko yake inayofanya kazi. Springi ya mizunguko 8 ikikatwa 2, itakayobaki huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, hali nafasi yake ya kusogea imepungua. Zaidi ya hayo, gurudumu likining'inia, springi fupi yaweza kuchomoka katika kikalio chake. Na moto je? Chuma cha springi hupewa uimara wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa gesi huuharibu uimara huo. Gari litashuka siku hiyohiyo, lakini springi yaweza kuendelea kulegea, au ikavunjika safarini.

Anayetaka gari lake liwe chini na anunue springi zilizotengenezwa kwa aina ya gari lake na kwa kimo anachokitaka, pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo. Na akumbuke matuta na mashimo ya njia anazopita kila siku.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Springi yenye ugumu wa kilo 2 kwa kila milimita, ikibanwa milimita 200, husukuma kwa nguvu ya kilo 400. Nguvu iliyohifadhiwa ndani yake yatosha kuinua mzigo wa kilo 40 hadi kimo cha mita 1. Ikifyatuka yaweza kuua. Kwa hiyo fundi atumie vibanio maalumu vya springi, asitumie waya wala kamba, na gari lisimame juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake.

Kabla ya kazi kuanza, patana na fundi kwa maandishi. Kwanza, springi zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Pili, raba za vikalio zikaguliwe, na bushi za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, zisije zikapindwa zikachanika mapema. Tatu, ulinganifu wa magurudumu na mwelekeo wa taa za mbele urekebishwe baadaye, kwa maana kimo kikibadilika hivyo navyo hubadilika. Nne, urudishiwe springi za zamani. Tano, upewe stakabadhi inayotaja vipuri, bei na dhamana.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazozihitaji, haki ya kulindwa usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro. Haki hiyo ni yenu. Lakini asiye na stakabadhi wala kipuri mkononi atapata taabu kuithibitisha.

Tusiwalaumu mafundi peke yao. Springi nyingine hukatwa kwa sababu mteja mwenyewe ameagiza, akitaka kuokoa fedha. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa kinachoweza kuvunjika ni zaidi ya chungu: ni abiria aliyeketi nyuma, na mtoto anayevuka barabara mbele ya gari lisiloshika njia. Fundi akishika msumeno au moto, mwambieni asitishe kazi. Neno hilo halina gharama.