Kidahizo na Kicheko: Fasili za Kejeli katika Maneno ya Kila Siku



Leksikografia hutufunza kwamba fasili njema haina upendeleo wala hasira. Fasili ya kejeli ina vyote viwili. Mmarekani Ambrose Bierce aliitungia kamusi nzima, The Devil's Dictionary, iliyotoka mwaka 1911. Leo nitatunga chache kutokana na maneno yanayohusu Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ili kuonyesha kwamba fasili ya namna hii hupima umbali uliopo baina ya neno na tendo.

Tuanze na ziwa lenyewe. Katika lugha za kandokando yake, "nyasa" ni ziwa au maji mapana. Hivyo "Ziwa Nyasa" ni "Ziwa Ziwa". Malawi huliita Ziwa Malawi, na kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 huhesabu mpaka ufukoni mwa Tanzania. Tanzania huuweka katikati ya maji. Basi: "Ziwa: maji ambamo mvuvi wa Matema huwa mgeni kabla hajalowa magoti."

Neno la pili ni jina la wilaya. "Kyela: wilaya ya Mkoa wa Mbeya, sokoni Dar es Salaam, mchele wowote ambao muuzaji anataka uondoke upesi." Sifa ya harufu na ladha ya mchele wa Kyela ni ya haki, lakini jina limesafiri mbali kuliko mpunga wenyewe.

La tatu ni gunia. Wakulima nchini wanaijua lumbesa, yaani ujazo unaopandishwa juu ya mdomo wa gunia, ingawa sheria ya vipimo inaukataza. "Gunia: chombo ambacho mkulima hukiona kimeshiba na mnunuzi hukiona kina njaa."

Neno la mwisho lilifika mahakamani. Takrima ni ukarimu anaotendewa mgeni. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, na alichotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakikuhesabiwa kuwa rushwa. Hapo mkarimu na mkirimiwa walibadilishana viti: "Takrima: karamu ambayo mgeni humpikia mwenyeji, mara moja kwa miaka mitano." Na huenda mchele wa karamu hiyo ni ule ule ambao mwenyeji aliuuza kwa lumbesa! Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Majaji hawakufanya mzaha, lakini walikataa kuacha neno la heshima lifunike tendo lisilo na heshima.

Kwa hiyo, nawasihi wanafunzi wetu wazikusanye fasili za aina hii wanapofanya utafiti vijijini na sokoni, wasizitupe kwa kuziita utani mtupu. Kamusi sanifu hutuambia neno lina maana gani. Kejeli hutuambia nani analipia maana hiyo.